Malcolm Marshall: Watu wanakumbuka kasi yake, wamesahau akili yake

Tarehe 14 Julai 2025, katika uwanja wa Sabina Park mjini Kingston, inchini Jamaica, timu ya kriketi ya West Indies iliangushwa yote na Australia kwa pointi 27 tu. Katika historia yote ya mechi za Test, zile kubwa zinazochezwa siku tano, ni timu moja tu iliyowahi kupata pointi chache kuliko hizo: New Zealand, iliyopata 26 mwaka wa 1955. Siku chache baadaye wakubwa wa kriketi wa Karibi waliita wazee watatu waliocheza zamani, Clive Lloyd, Vivian Richards na Brian Lara, ili wasaidie kutafuta dawa.

Kuna mmoja ambaye hangeweza kuitwa. Malcolm Marshall alifariki Barbados tarehe 4 Novemba 1999, akiwa na miaka 41. Wapenzi wengi wa mchezo huo wanamuhesabu kuwa mrushaji mkali kuliko wote waliotoka visiwa hivyo. Kila mara timu ya West Indies inapoaibika, jina lake linarudi midomoni, na karibu kila mara linarudi kwa njia isiyo sawa. Watu wanasema: tunakosa kasi kama ile, tunakosa woga ule aliotia wapinzani. Ni kweli alikuwa na kasi. Lakini anayemkumbuka Marshall kwa kasi tu anatupa sehemu ya urizi wake iliyo na faida zaidi.

Mchezo wenyewe

Wasomaji wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia hawajawahi kutazama mechi ya kriketi mpaka mwisho. Wanaofika Kampala mara kwa mara wanajua kwamba majirani wa Uganda wanaucheza. Mwezi wa Juni 2024 Uganda ilishiriki Kombe la Dunia la kriketi fupi, T20, na ikakutana na West Indies kule Guyana. Siku hiyo Uganda iliangushwa yote kwa pointi 39.

Kwa kifupi, mchezo uko hivi. Mrushaji anakimbia na kurusha mpira mdogo mgumu wa ngozi, na mara nyingi mpira unadunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Mpigaji anashika gongo na kulinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Akiupiga mpira mbali, anapata pointi. Mpira ukiangusha vijiti, ao ukidakwa kabla haujagusa chini, anatoka. Kila anayetolewa anaitwa wiketi moja kwa mrushaji. Wapigaji kumi wakitoka, timu imeanguka yote.

Marshall alicheza mechi 81 za Test kati ya 1978 na 1991 na akapata wiketi 376. Kwa kila wiketi alitoa wastani wa pointi 20,94. Katika hesabu hiyo kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mrushaji anavyokuwa mzuri zaidi, na warushaji waliopata wiketi nyingi hivyo kwa bei ndogo kama ile ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mtu mfupi kati ya majitu

Barbados ni kisiwa kidogo chenye wakaaji chini ya 300 000, wachache sana ukilinganisha na mji wa Goma. Wengi wao ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule kwa nguvu ili kulima miwa ya Waingereza. Marshall alizaliwa Bridgetown tarehe 18 Aprili 1958. Baba yake, aliyekuwa polisi, alikufa katika ajali ya barabarani Malcolm akiwa bado mtoto mchanga. Babu yake ndiye aliyesaidia kumlea na kumfundisha kriketi.

Alipoingia katika timu kubwa, alikuta watu warefu. Joel Garner alikuwa na zaidi ya mita mbili, na Curtly Ambrose aliyekuja baadaye vilevile. Mrushaji mrefu ana faida ya asili, kwa sababu mpira wake unatoka juu na kudunda kwa ukali. Marshall alikuwa na mita 1,80 hivi. Kama kriketi ingekuwa kazi ya mwili tu, asingepata nafasi katika kundi lile, wala asingekuwa kiongozi wao.

Kwa hiyo alitafuta njia nyingine. Alijifunza kuufanya mpira upinde hewani, mara kwa kuingia, mara kwa kutoka, bila mpigaji kujua mapema utaelekea upande gani. Wachezaji husugua upande mmoja wa mpira ung’ae na kuacha mwingine ukwaruzike, kisha mkono na vidole vya mrushaji vinaamua mpira upinde wapi. Ni ufundi, na ufundi huo unafundishwa. Baadaye aliongeza mpira mwingine, ule unaobadilisha njia baada ya kudunda kwa sababu vidole vimeukata pembeni wakati wa kuurusha. Huo alionyeshwa na Dennis Lillee, Mwaustralia, mtu wa timu iliyokuwa adui mkubwa wa West Indies. Marshall hakuona aibu kwenda kuomba elimu kwa mpinzani.

Leeds 1984, Manchester 1988

Mechi inayosimuliwa zaidi juu yake ilichezwa Leeds, Uingereza, mwezi wa Julai 1984. Siku ya kwanza alivunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto mahali pawili. Wote walidhani kazi yake katika mechi ile imekwisha. Lakini mwenzake Larry Gomes alipokuwa amekaribia pointi 100 na wapigaji wengine wote wametoka, Marshall aliingia uwanjani na kupiga kwa mkono mmoja mpaka Gomes akafikisha mia. Kisha akarudi kurusha, mkono wa kushoto ukiwa katika plasta, na akaangusha Waingereza saba kwa pointi 53. West Indies ilishinda mechi hiyo, na mwisho wa ziara ilikuwa imeshinda zote tano.

Hadisi hiyo hutolewa kama mfano wa ujasiri, na ulikuwepo. Lakini ujasiri peke yake haumwangushi mtu mwenye gongo. Marshall hakutegemea nguvu siku ile. Alipunguza kasi na kutumia hewa nzito ya Leeds ili mpira upinde. Mtu mwenye mkono uliovunjika alisoma hali ya hewa, akasoma wapinzani wake mmoja baada ya mwingine, kisha akachagua silaha iliyofaa.

Miaka minne baadaye, Manchester, alirudia somo lile. Uwanja ulikuwa wa polepole, wa aina inayowanyima faida watu wa kasi. Alipunguza mwendo tena, akarusha mpira karibu na miguu ya wapigaji na kuupindisha. Alipata wiketi saba kwa pointi 22, na Uingereza ikaanguka kwa 93. Katika ziara ile ya 1988 alipata wiketi 35. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwenye miaka 30 anayejua kwamba mwili hauko tena kama zamani, na ambaye alikuwa amekwisha kujiandaa kwa siku hiyo.

Sifa inayopunguza

Sasa, kwa nini jina lake bado linaambatana na kasi na woga? Jibu la kwanza ni la haki: woga ulikuwepo. Mwaka wa 1986, kule Kingston, mpira wake ulivunja pua ya Mwingereza Mike Gatting. Mwaka wa 1983, kule Kanpur, alimtoa gongo mkononi Sunil Gavaskar, mpigaji mkubwa kuliko wote wa India wakati ule. Mtu asiseme Marshall alikuwa mpole uwanjani.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Tangu zamani katika visiwa vile, Wazungu wenye mashamba walipenda kushika gongo, na kazi ya kurusha mpira juani waliiachia watu weusi. Kurusha kulionekana kama kibarua, kazi ya mgongo na mabega. Hata uongozi wa timu ulibaki mikononi mwa Wazungu kwa muda mrefu. Frank Worrell, mtu mweusi wa kwanza kuwa kapiteni wa kudumu wa West Indies, alipewa cheo hicho mwaka wa 1960 tu. Kwa hiyo vijana wa Karibi walipoanza kuishinda dunia nzima kwa mpira wa kasi, maneno ya kuwaeleza yalikuwa tayari mezani: nguvu, ukali, vitisho. Katika magazeti ya Uingereza wako walioandika kama vile ushindi ule ulikuwa fujo. Mwaka wa 1991 wakubwa wa kriketi ya dunia waliweka hata sheria ya kupunguza mipira inayodunda kuelekea kichwani: mmoja tu kwa kila mpigaji katika kila mipira sita.

Sheria ya kulinda vichwa vya watu ina maana yake, na hakuna ubaya kuitetea. Lakini maelezo yale hayakuweza kujibu swali dogo. Kama siri ilikuwa mipira ya kichwani, mbona Marshall aliwaangusha saba Manchester kwa mipira ya miguuni? Timu ya West Indies haikupoteza mfululizo hata mmoja wa mechi za Test kuanzia 1980 mpaka 1995. Miaka 15 ya namna hiyo haipatikani kwa mabega tu.

Wakongomani wanayajua maneno hayo. Anayetazama kabumbu ya Ulaya kwenye televisheni amesikia mara nyingi namna wachezaji wenye asili ya Afrika wanavyosifiwa: ana mwili, ana mbio, ana nguvu za ajabu. Sifa ya kusoma mchezo huenda kwa mwingine. Mwaka wa 2020 kampuni RunRepeat ya Denmark, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ilichunguza maneno ya watangazaji wa kabumbu na kukuta tofauti hiyo: wenye ngozi nyeupe zaidi walisifiwa akili, wenye ngozi nyeusi zaidi walisifiwa nguvu na kasi. Sifa kama hiyo inaonekana kama zawadi, kumbe inachukua kitu. Anayeambiwa kwamba alizaliwa na nguvu anaambiwa pia kwamba hakujifunza chochote, na kwamba hana cha kufundisha siku nguvu zitakapokwisha.

Pesa za Afrika ya Kusini

Kuna upande mwingine wa akili yake usiohusu mpira. Mwaka wa 1983 serkali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika ya Kusini ilikuwa imefungiwa milango ya michezo ya dunia. Waandaaji wa kule walitafuta wachezaji wa West Indies waje kucheza kwa siri, kwa pesa nyingi kuliko zile walizozoea. Kundi zima lilikubali, kati yao warushaji wakali Colin Croft na Sylvester Clarke. Walipofika walihesabiwa kama “Wazungu wa heshima”, ili waweze kulala na kula mahali ambapo mtu mweusi wa kule hakuruhusiwa. Marshall alifuatwa pia. Alikataa, kama walivyokataa Michael Holding na Vivian Richards.

Si haki kuwatukana waliokwenda bila kusema ukweli wote. Wengi wao walikuwa masikini, mchezo haukuwalipa vizuri, na nafasi katika timu kubwa zilikuwa chache. Adhabu yao ilikuwa kali: walifungiwa maisha, mpaka uamuzi ulipoondolewa mwaka wa 1989, na maisha ya wengine yaliharibika. Marshall kwa upande wake alikuwa na mkataba Uingereza, katika timu ya Hampshire. Kukataa kwake hakukumletea njaa. Lakini alikuwa kijana wa miaka 24 tu, pesa ilikuwa mbele ya macho, na aliona kwamba ingenunua jina lake kwa ajili ya kupaka rangi ukuta uliooza.

Ubaguzi ulipoanza kubomoka na Afrika ya Kusini iliporudi katika kriketi ya dunia mwaka wa 1991, Marshall alikwenda. Alichezea Natal, mjini Durban, kuanzia 1992 mpaka 1996. Kule alimkuta kijana Mzungu aitwaye Shaun Pollock. Alimkalisha na kumfundisha: namna ya kupanga mipira, ya kumsoma mpigaji, ya kubadilisha kasi. Pollock alikuja kupata wiketi 421 katika mechi za Test, na mwenyewe amesema mara nyingi kwamba Marshall alikuwa mwalimu wake mkubwa.

Hapo ndipo penye uchungu wa hadisi yote. Mwanafunzi mkubwa wa mrushaji mkubwa wa Karibi hakutoka Karibi.

Mali bila daftari

Kosa la hilo si la Pollock wala la Marshall. Marshall alirudi kufundisha West Indies mwaka wa 1996, lakini alikuta timu inashuka, na hakupewa muda. Mwaka wa 1999, wakati wa Kombe la Dunia kule Uingereza, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana. Ilipofika Novemba alikuwa amekwenda.

Kosa ni la imani iliyoenea visiwani wakati wa ushindi, kwamba watu wa kasi wataendelea kuota tu kama miwa. Kwa miaka mingi, mmoja alipochoka, mwingine alikuwa tayari nyuma yake: Roberts, Holding, Garner, Croft, Marshall, Ambrose, Walsh, Bishop. Nani angehangaika kuandika elimu yao, kuwalipa wawe walimu, kujenga vyuo, ikiwa asili yenyewe inaleta? Waswahili walisema zamani: mali bila daftari huisha bila habari.

Wako wanaotoa sababu nyingine za kuanguka, na zina ukweli. Visiwa ni inchi nyingi ndogo zisizokubaliana kila mara. Pesa ya kriketi ya dunia inakwenda India, Australia na Uingereza. Vijana wenye kipaji wanaitwa kwenye ligi za T20, ambako wiki chache zinalipa kuliko miezi mingi ya Test, na hakuna mzazi wa haki atakayemlaumu kijana kwa kwenda. Lakini sababu hizo zinaeleza kwa nini ni vigumu kushinda leo. Hazielezi kwa nini elimu iliyokuwa nyumbani iliachwa itoweke. Masikini ana sababu zaidi ya kutunza alichonacho.

Na vipaji bado vipo. Mwezi wa Januari 2024, mjini Brisbane, Shamar Joseph, kijana wa kijiji cha Baracara kule Guyana aliyekuwa mlinzi kabla ya kucheza kriketi, aliumizwa kidole cha mguu kwa mpira wa Australia. Kesho yake alirudi na kuangusha Waaustralia saba kwa pointi 68. West Indies ilishinda kwa pointi 8, ushindi wake wa kwanza wa Test inchini humo tangu 1997. Wazee walikumbuka mara moja Leeds na kidole gumba cha Marshall.

Ulinganisho huo unapendeza, lakini una hatari yake. Ikiwa Joseph atasifiwa kwa moyo na kasi tu, atafanywa kama alivyofanywa Marshall, na mwili wake utachoka kabla hajajua lingine. Anachohitaji ni mtu wa kumfundisha atakachofanya akiwa na miaka 30, siku kasi itakapopungua. Wakati ule Marshall alikuwa na jibu kwa sababu alilitafuta mapema, kwa babu yake, kwa wenzake, hata kwa adui.

Upande mmoja wa uwanja wa Kensington Oval, Bridgetown, unaitwa kwa jina la Malcolm Marshall. Kuna pia kikombe chenye jina lake kwa mrushaji anayepata wiketi nyingi kati ya Uingereza na West Indies. Heshima hizo ni nzuri. Ila ukuta haufundishi mtoto kushika mpira, na kikombe hakimwambii kijana afanye nini siku uwanja ukiwa wa polepole. Walimu wa namna yake wangali hai: Roberts, Holding, Ambrose, Walsh, Bishop. Warudishwe kwenye viwanja vya shule, walipwe kama walimu, na wanachokijua kiandikwe kabla nao hawajaondoka.

Somo hilo linafika pia kwa kocha wa vijana wa kabumbu hapa, anayepanga watoto mstari na kuchagua wakubwa wa mwili kwanza. Huenda mfupi anayesimama nyuma, anayeuliza maswali mengi, ndiye mwenye mchezo kichwani.